Choo kigumu kwa mtoto mdogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto akifunga choo, ushauri hauchelewi. Bibi anataja papai, jirani anasema ni minyoo, muuza duka la dawa ana chupa yake mkononi. Wote wanamtakia mtoto heri. Lakini ushauri mwingi unatafuta kosa moja na tiba ya siku moja, wakati choo kigumu huanza polepole, hukaa majuma kadhaa, na huondoka kwa mabadiliko madogo yanayorudiwa kila siku. Kwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye shida hii hakuna ugonjwa uliojificha. Kuna chakula wanachokula, ratiba ya nyumbani, na kumbukumbu ya siku choo kilipowauma.

Nyakati tatu zinahitaji jicho la karibu: mtoto anapoanza chakula cha nyongeza akiwa na miezi 6, anapofundishwa kutumia poti, na anapoanza shule.

“Hajapata choo siku tatu, amefunga”

Angalia ugumu na maumivu kabla ya kuhesabu siku. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akishapita wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, kisha choo kikaja laini kama kawaida. Huyo hajafunga. Lakini mtoto wa miaka 2 anayetoa vigololi vikavu kila siku huku analia amefunga, hata kama mama yake anaridhika kwamba “choo anapata”. Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, choo mara mbili au pungufu kwa wiki nacho ni cha kufuatilia.

Kichanga naye huwatisha wengi: anajikamua, uso unakunjamana, analia dakika kumi au zaidi, halafu choo laini kinatoka. Bado anajifunza kulegeza misuli ya chini wakati tumbo linasukuma. Hahitaji maji ya sukari wala dawa ya chango, na kabla ya miezi 6 hahitaji hata maji ya kunywa. Asali ndiyo asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli kwenye utumbo wake mchanga.

Wako wasiopaswa kusubiri nyumbani. Kichanga ambaye choo chake cha kwanza, kile cheusi, hakijatoka ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa. Aliyeanza kufunga kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwenye tumbo lililovimba na kutapika kijani. Asiyeongezeka uzito. Mwenye miguu isiyo na nguvu. Hao ni wa hospitali, na anayetapika kijani ni wa saa hiyohiyo.

“Anasukuma sana, ila hakitoki”

Mwangalie tena. Amesimama nyuma ya kochi, ameshikilia kiti, miguu ameinyoosha na kuibana, makalio ameyakaza, pengine anasimama kwa ncha za vidole. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hasukumi. Anazuia.

Ukilijua hili unaona kwa nini papai la leo peke yake halimponyi. Siku moja choo kilikuwa kigumu, labda baada ya homa na kukosa hamu ya kula, kikamchana kidogo. Mchirizi wa damu nyekundu juu ya choo kigumu mara nyingi hutoka kwenye mpasuko huo mdogo, ingawa damu yoyote inafaa kuonyeshwa kwa mhudumu wa afya. Akakumbuka maumivu. Safari iliyofuata haja ilipomjia aliizuia, na utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji, ukaendelea kufyonza. Choo kikawa kikubwa na kikavu zaidi, kikauma zaidi, naye akapata sababu mpya ya kuzuia. Hali ikiendelea, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na mtoto hupoteza ile hisia ya kubanwa.

Kumbe kazi ya chakula ni kuhakikisha choo kinatoka bila kuuma siku baada ya siku, hadi mwili wake uache kuogopa. Na chakula kinahitaji kusaidiwa na kikao. Baada ya kula, utumbo wenyewe huanza kusogea, hivyo dakika 5 hadi 10 kwenye poti baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni ndizo zenye faida kubwa. Miguu iwe imekanyaga chini. Kama ni choo cha kukalia, weka kigoda chini ya nyayo zake ili magoti yainuke. Asilazimishwe wala asifungiwe chooni. Apewe sifa kwa kukaa tu, hata kama hakuna kilichotoka.

Watoto wanaobebwa na gari la shule alfajiri ndio wanaoniumiza moyo zaidi. Wanaamshwa saa kumi na moja, wanameza chai na mkate wakiwa wamevaa begi, na choo cha shule wanakiogopa kwa giza, harufu au shimo kubwa. Wanazuia tangu asubuhi hadi jioni. Hapo robo saa ya kuwahi kuamka inaweza kusaidia kuliko tunda lolote, na mwalimu naye anapaswa kuambiwa ili amruhusu mtoto kutoka darasani anapoomba.

“Ndizi ndiyo inayomfunga”

Ndizi inabeba lawama nyingi kuliko inavyostahili. Ndizi mbichi ina wanga mwingi usiosagika kirahisi. Ikiiva vizuri, wanga huo mwingi hugeuka sukari. Ndizi iliyoiva moja kwa siku haimfungi mtoto anayekula vitu vingine. Swali linalofaa ni hili: pamoja na ndizi hiyo, amekula nini tangu asubuhi?

Fuata siku ya mtoto mmoja wa kawaida wa mjini. Asubuhi uji wa sembe na mkate mweupe. Saa nne biskuti na juisi ya boksi. Mchana wali mweupe na mchuzi, maharage akayasukuma pembeni. Jioni ugali wa sembe, nyama kidogo, mboga ya majani “hapendi”. Kabla ya kulala, kikombe kikubwa cha maziwa. Ameshiba, ameongezeka hata uzito, lakini nyuzinyuzi, yaani sehemu za mimea ambazo tumbo halizisagi na ambazo hulainisha choo, karibu hamna. Mahindi ya sembe yamekobolewa, na ganda lililoondolewa kinuni au mashineni ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina chini ya gramu moja.

Ni kiasi gani kinachotakiwa? Kanuni rahisi inayotumiwa na madaktari wa watoto ni kuchukua umri wa mtoto kwa miaka na kuongeza 5. Mtoto wa miaka 3 anahitaji angalau gramu 8 kwa siku, na hizo zinapatikana bila kununua kitu chochote cha ajabu. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ina gramu 6 au 7. Pera lina takriban gramu 5 katika kila gramu 100, parachichi hupita 6. Papai, licha ya sifa zake zote, lina chini ya 2. Linasaidia kwa sababu lina maji mengi na watoto wanalila bila vita. Mpe papai, lakini usilitegemee lifanye kazi ya maharage.

Usibadilishe meza nzima kwa siku moja, maana tumbo litajaa gesi na mtoto atagoma. Anza na mlo mmoja. Ponda maharage yaliyopikwa kwa nazi na kuyachanganya na wali. Katakata mchicha au sukuma wiki laini kabisa, uingize ndani ya mchuzi badala ya kuuweka kando ya sahani anakoweza kuukwepa. Mlenda na bamia huteleza, na watoto wengi huvipenda vikizoeshwa mapema. Kiazi kitamu cha kuchemsha kinachukua nafasi ya biskuti za saa nne vizuri sana. Chungwa lilwe na nyama zake, kwa sababu ukilikamua na kuchuja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio.

Unga wa dona ni mzuri kuliko sembe kwa jambo hili, lakini mahindi yawe makavu na safi, yasiwe na ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zilezile ambazo dona haiziondoi. Ukikosa uhakika wa mahindi, baki na sembe na uongeze maharage, mboga na matunda.

“Mnyweshe maji mengi tu, kitalainika”

Maji yanasaidia mtoto ambaye hayapati ya kutosha. Anayeyapata tayari, ukimwongezea chupa mbili, ataenda kukojoa zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takriban lita 1.3 za majimaji kwa siku, pamoja na yale ya uji, mchuzi, maziwa na matunda. Unapoongeza nyuzinyuzi hakikisha kiasi hicho kinafikiwa, hasa wakati wa joto au homa. Chai haifai kuhesabiwa kama njia ya kumpa maji: hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma.

“Maziwa hayana ubaya, ni chakula kamili”

Maziwa ya ng’ombe yana faida zake baada ya mwaka mmoja. Taabu huja yanapokuwa chakula chenyewe. Mtoto anayekunywa lita moja kwa siku hana nafasi tumboni ya maharage wala mboga, na maziwa hayana nyuzinyuzi hata chembe. Anaweza pia kuishiwa damu, kwa kuwa madini ya chuma ndani yake ni kidogo sana. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, nusu lita kwa siku inatosha, tena baada ya chakula badala ya kabla. Wapo watoto wachache ambao protini ya maziwa yenyewe huwafunga; hao daktari anaweza kuwaachisha kwa wiki 2 hadi 4 ili kuona mabadiliko. Usimwachishe kwa kubahatisha na kumwacha bila chakula mbadala.

“Kipande cha sabuni kitamaliza kazi”

Kikiingizwa njia ya haja kubwa kinatoa choo, ni kweli, na ndiyo maana desturi hii haifi. Kinakitoa kwa kuwasha na kuumiza ngozi laini ya ndani. Mtoto ambaye shida yake ilianza kwa maumivu anaumizwa tena palepale, safari hii akiwa ameshikwa na mtu anayempenda. Kesho atazuia kwa nguvu zaidi. Bomba la kuingiza maji ya sabuni au ya majani kwa njia hiyohiyo lina madhara hayohayo na mengine makubwa zaidi, na mafuta ya nyonyo hayafai kwa mtoto mdogo. Naomba sana, sabuni ibaki bafuni.

“Anachafua nguo, ni mvivu” au “anaharisha”

Mtoto wa miaka 4 aliyekwisha kuacha nepi anaanza kuchafua nguo ya ndani, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku. Anachapwa, anachekwa na ndugu zake. Au anapewa dawa ya kuharisha. Kinachotokea ndani ni kwamba choo kikubwa kigumu kimeziba njia, na choo cha majimaji kutoka juu kinapenya pembeni yake. Yeye hakisikii kikitoka, maana utumbo umetanuka na hisia imefifia. Hawezi kukizuia kwa kuambiwa ajirekebishe, na fimbo inamwongezea hofu ileile iliyomfikisha hapo. Huyu amevuka hatua ya chakula peke yake. Kumwongezea maharage na mboga wakati njia imeziba kunamzidishia maumivu. Apelekwe kituo cha afya mzigo utolewe kwanza kwa dawa, kisha chakula kiendeleze.

“Ni minyoo tu”

Dawa ya minyoo inayotolewa kwenye kampeni za afya ina kazi yake, na mtoto apewe kwa ratiba. Hailainishi choo. Minyoo mingi sana ya mviringo inaweza kuziba utumbo, lakini hapo mtoto anaumwa hasa, anatapika na tumbo limevimba, na anahitaji hospitali.

“Dawa ya kulainisha itamzoeza”

Hofu hii inawafanya wazazi wengi waache dawa siku ya tatu, choo kinapotoka vizuri, na baada ya wiki mbili wanarudi walikoanza. Laktulosi na makrogoli, dawa ambazo madaktari huwaandikia watoto mara nyingi, hufanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya choo. Haziufanyi utumbo kuwa mvivu. Kipimo apange daktari, na muda wake ni mrefu kuliko watu wanavyodhani: angalau miezi 2, na dalili ziwe zimeisha kwa mwezi mzima kabla ya kuanza kuipunguza taratibu. Kama alikuwa katikati ya kujifunza poti, dawa inaendelea mpaka awe amezoea. Maharage, pera na kikao cha baada ya kula vianze siku ileile dawa inapoanza, ili itakapopunguzwa viwe vimekwisha kuwa sehemu ya siku yake.