Gari la umeme la mwendo mdogo ni lipi, na sheria inalikwamisha wapi

Ni gari dogo la magurudumu manne, la watu wawili hadi wanne, lililofungiwa mwendo makusudi ili litumike mjini. Si bajaji, wala si gari kamili la umeme. Kisheria limekaa katikati, na matatizo yake yanaanzia hapo.

Nchi zilizolitungia daraja zimelilegezea masharti kwa sababu haliendi kasi. Marekani ililitambua mwaka 1998: mwendo wake wa juu uzidi kilomita 32 kwa saa lakini usipite 40. Halifanyiwi jaribio la kugonganishwa, ila lazima liwe na taa, indiketa, vioo, mikanda, breki ya mkono na namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17. Ulaya ina daraja L6e, mwisho kilomita 45 kwa saa na kilo 425 bila betri, na L7e, ambalo mota yake haizidi kilowati 15.

Ukilileta Mwanza, linapita njia ya gari lolote: ubora TBS (shirika la viwango), kodi na usajili TRA (mamlaka ya mapato), kisha bima. Tatizo la kwanza ni cc. Ushuru wa bidhaa wa magari umepangwa kwa ujazo wa injini: zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni 5%, kupita hapo ni 10%. Mota ya umeme haina cc, ina kilowati. Wakala wa forodha akibuni cc ili fomu ijae, kosa hilo litakufuata kwenye kadi ya gari, kwenye bima, na siku ya kuliuza.

Ankara nayo isome kabla ya kulipa. Gari la abiria linalotumia umeme peke yake lina kifungu cha forodha 8703.80, vigari vya gofu viko 8703.10. Muuzaji akikuandikia kigari cha gofu, umenunua chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya barabara, hata kama kina milango na redio. Dai picha ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, maana stika hubanduka. Dai pia cheti cha kiwanda kinachotaja daraja, uzito, na kilowati za mota za kudumu, zile inazoweza kutoa muda wote. Wauzaji hupenda kutangaza za kilele.

Kilowati hizo zina uzito wa pekee kwenye mji wa vilima kama wetu. Gari lenye kilo 700 pamoja na abiria, kwenye mwinuko wa 10%, linahitaji karibu kilowati 6.6 kupanda kwa kilomita 30 kwa saa. Mota ya kilowati 4 italipandisha kwa kama kilomita 18 kwa saa tu, na foleni ya daladala nyuma yake. Ndiyo maana cheti cha mwendo kilichopimwa tambarare hakimwambii mkaguzi gari litafanya nini Bugando au Isamilo.

Kinachokosekana hasa ni kanuni ya barabara. Majimbo mengi ya Marekani huyaruhusu magari haya kwenye barabara zenye kikomo kisichozidi kilomita 56 kwa saa, na huyaacha yakatize zile kubwa kwenye makutano. Kanuni ya namna hiyo ingeyafungulia mitaa ya Capripoint na Kirumba, na kuyazuia yasichanganyike na malori nje ya mji, baada ya Buhongwa kuelekea Shinyanga.