Usimwambie mgonjwa wa kansa "pumzika tu", mtembeze kwanza

Mama mmoja wa saratani ya titi, kamaliza kemo (dawa kali za kuua kansa) wiki tatu nyuma, kaja na binti yake kambebea pochi na kamshika mkono utadhani kashika yai. Nyumbani hafagii, hapiki, hata maji ya kuoga anapelekewa. Nikamwambia leo tunatembea tu mama, akanitolea macho, "Dokta, si nitaanguka?"

Kipimo chenyewe ni cha dakika 6. Korido ya mita 30, koni mbili (siku nyingine sisi tunaweka viti vya plastiki), stopwochi, na kile kidude cha kidoleni cha kusoma oksijeni na mapigo. Unaenda na kurudi, ukichoka unaegemea ukuta ila saa haisimami. Na mimi sitangulii, maana nikitangulia utafuata mwendo wangu na kipimo kishaharibika. Mwisho nakuuliza umechoka kiasi gani, 0 mpaka 10. Mama alisimama mara moja, akapata mita 310, akasema 5. Binti ndo alikuwa anahema zaidi, kwa hofu.

Sasa dozi ya mazoezi inatoka kwenye hiyo 310. Nikachukua asilimia 80 ya ule mwendo, ikaja kama mita 400 kwa dakika 10, siku 3 kwa wiki, tukapandisha taratibu mpaka dakika 30, halafu siku 2 anakaa na kusimama kwenye kiti na kunyanyua chupa za maji. Hizo dakika 30 mara 3 ndo wataalamu walikubaliana 2019 kwamba zinapunguza ule uchovu wa kansa, ule wa kulala siku nzima na kuamka nao. Eti akinyanyua vitu mkono wa upande wa titi lililotibiwa utavimba? Utafiti wa Marekani wa 2009 uliwanyanyulisha vyuma wanawake ambao mkono ulishavimba tayari, wakianza na uzito mdogo na kusimamiwa, na uvimbe haukuzidi.

Ila sio kila mtu nampeleka koridoni. Kansa ikishafika kwenye mifupa, chembe za kugandisha damu zikiwa chini, au mtu ana homa, nasoma faili kwanza. Na waliopewa doksorubisini, ile dripu nyekundu, nauliza moyo ulipimwa lini, maana ile dawa inaweza kuudhoofisha hata miaka baadaye.

Wiki ya 12 mama karudi, pochi kabeba mwenyewe, akapiga mita 385 bila kusimama, halafu akaniuliza kama nimeifupisha korido.