Je, wajua kwa nini maji ya kupasha nyumba joto yamewekewa kikomo cha nyuzi 55?

Nchini England, mtu anayefungiwa mfumo mpya wa kupasha nyumba joto huelezwa kwamba maji yatakayozunguka katika mabomba na rejeta za ukutani, yaani vyuma vinavyotoa joto chumbani, yanapaswa kutosheleza mahitaji ya nyumba bila kuzidi nyuzijoto 55 za Selsiasi, ilhali kwa miaka mingi mafundi walizoea kuyapandisha hadi 70 au 80. Kikomo hicho kimo katika Sehemu L ya kanuni za ujenzi, toleo lililoanza kutumika tarehe 15 Juni 2022, nacho kinahusu mifumo mipya pamoja na ile ambayo boila (mtambo unaochoma gesi ili kupasha maji hayo), rejeta na mabomba yake vyote vinabadilishwa kwa mkupuo. Maji yaliyopungua moto yanawezaje kuokoa gesi, wakati nyumba inahitaji joto lilelile?

Jibu limo ndani ya moshi wa boila. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na kila kilo moja ya methani inapoungua huzaa zaidi ya kilo mbili za maji, ambayo kwa ukali wa moto hutoka yakiwa mvuke. Mvuke huo hubeba takriban sehemu moja kati ya kumi ya joto lote la gesi iliyoungua, na ukiachwa upotelee nje kupitia dohani, mwenye nyumba amelipia joto ambalo hakulipata. Boila za kisasa zimeundwa ili kuupoza moshi mpaka mvuke ugeuke kuwa maji na kuliachilia joto hilo. Kinachoupoza moshi si feni wala kifaa cha pekee, bali ni yale maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta. Mvuke huanza kugeuka maji pale moshi unaposhuka chini ya nyuzi 55 hivi. Kwa hiyo maji yakirudi yakiwa bado na nyuzi 60, hayana uwezo wa kuupoza vya kutosha, na boila iliyonunuliwa kwa sifa ya kubana matumizi huliachia joto la mvuke lipotee kama zile za zamani. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kuitazama lebo ya boila peke yake na kuusahau mfumo inaofungwa.

Ugumu uko kwenye rejeta. Rejeta yenye maji ya wastani wa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 20 hutoa joto kwa tofauti ya nyuzi 50. Wastani wa maji ukishuka hadi 50, tofauti hubaki 30 na joto linalotoka hupungua kufikia takriban nusu. Fundi mwangalifu hukokotoa kwanza joto linalopotea katika kila chumba kupitia kuta, madirisha na paa, kisha ndipo achague rejeta, ambazo mara nyingi zitakuwa kubwa kuliko zilizozoeleka. Pale ambapo nafasi ya rejeta kubwa haipo, kanuni huruhusu kikomo kivukwe, ila mfumo usanifiwe kwa kiwango cha joto cha chini kadiri inavyowezekana. Isisahaulike kwamba kikomo hiki hakigusi maji ya kuogea yanayohifadhiwa kwenye tangi, ambayo hupashwa hadi nyuzi 60 ili kuua bakteria wa Legionella.

Kabla ya hapo, tangu Aprili 2018, boila za gesi zinazofungwa katika nyumba za England zilikwisha kutakiwa kuwa na ufanisi wa angalau asilimia 92, pamoja na vidhibiti vya saa na vya joto. Boila zinazopasha pia maji ya bombani papo hapo ziliongezewa sharti la kuwa na nyenzo moja zaidi, kwa mfano kihisi cha nje kinachopunguza moto wa maji kadiri hali ya hewa inavyokuwa ya uvuguvugu.

Kikomo cha nyuzi 55 kina faida nyingine, itakayoonekana siku boila itakapong'olewa. Pampu ya joto, inayovuta joto kutoka hewani au ardhini kwa umeme, hula umeme mwingi zaidi kadiri inavyolazimishwa kupandisha maji kwenye nyuzi za juu. Nyumba ambayo rejeta na mabomba yake yalipimwa kwa nyuzi 55 inaweza kuipokea pampu hiyo bila kubomolewa kuta wala kung'olewa sakafu.