Medali ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa shule ni nini?

Medali ya kumbukumbu ni kipande cha madini, aghalabu cha mviringo, kinachotengenezwa ili tukio fulani lisisahaulike. Haina thamani ya fedha iliyoandikwa juu yake kama sarafu, wala haitundikwi kifuani kwa utepe kama nishani.

Chukua ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552. Mwaka 1673 Mfalme Charles wa Pili alianzisha ndani yake Shule ya Kifalme ya Hisabati, wavulana 40 wafundishwe hesabu na elimu ya kuongoza meli. Medali yake ilichongwa na John Roettier. Mbele ni kichwa cha mfalme. Nyuma kuna mvulana wa shule, na mwanamke anayewakilisha Hesabu amemwekea mkono kichwani. Beji ya fedha waliyovaa begani wanafunzi wa hisabati ina picha ya namna hiyohiyo, lakini ile ni beji.

Mwaka ulioandikwa ndio unaowaponza wanunuzi. Ni mwaka wa tukio, si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Shule ikitimiza miaka 100 inaweza kutoa medali yenye mwaka wa kuasisiwa, na chapa za zamani, yaani vyuma vilivyochongwa picha vya kugongea medali, zinaweza kutumika tena baadaye. Kwa medali za kiwanda cha sarafu cha Paris, tazama ukingoni: alama ya mkono unaoonyesha kidole ni ya 1845 hadi 1860, ya nyuki ni ya 1860 hadi 1880.

Medali hugongwa au humiminwa, yaani madini yaliyoyeyushwa humwagwa kwenye kalibu. Ya kugongwa hubanwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu. Picha ikiwa na kina kirefu, pigo moja halitoshi: madini hukakamaa, hivyo hupashwa moto yalainike ndipo yagongwe tena. Chapa ikipata ufa, medali hutoka na mstari ulioinuka. Chapa ikila kutu, hutoka na vipele vidogo. Hapo kuwa makini: kilichoinuka kimetoka kwenye chapa, kilichobonyea, kama mkwaruzo, kimeipata medali yenyewe baadaye.

Nakala ya kumiminwa hujulikana kwa vipimo. Madini yakipoa hunywea kwa asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo medali ya milimita 60 huzaa nakala ya 59 hivi. Herufi zake huwa butu, uso una vitundu vya hewa, na ukingoni huonekana alama za tupa. Pima kipenyo na uzito kabla ya kulipa, ulinganishe na ile inayojulikana kuwa halisi.

Halafu limau na jivu viachie sufuria. Rangi nyeusi au kahawia iliyoikaa shaba kwa miaka ni sehemu ya medali. Ukiing'arisha, bei inaporomoka na haipandi tena. Ishike ukingoni, ihifadhi pakavu, na usiitie kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC: vikizeeka hutoa asidi, na medali hushika utando wa kijani unaonata.