Nukuu, kipimo cha h na jarida kubwa: dhana potofu kuhusu kazi za mtafiti wa tiba

"Makala iliyonukuliwa kuliko zote ndiyo iliyogundua jambo kubwa kuliko yote."

Makala inayotajwa kuwa imenukuliwa kuliko zote katika sayansi, yaani kutajwa na makala nyingine kama chanzo, haikugundua ugonjwa wala dawa. Ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, nayo inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Kufikia 2014 ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Maabara zilizotumia mbinu hiyo ziliitaja kila zilipoandika, za saratani sawa na za kilimo, na hapo ndipo hesabu ilipopandia. Makala za mbinu, za programu za takwimu na za mapitio hupata nukuu nyingi kwa sababu hiyohiyo: zina watumiaji wengi.

Wala kunukuliwa si kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, sehemu kubwa na waandishi wanaoikanusha. Kompyuta inayohesabu nukuu haijui nani anapongeza na nani anakosoa.

"Mwenye h kubwa ni mwanasayansi bora."

Kipimo cha h, kinachojumlisha wingi wa makala za mtafiti na nukuu zake katika namba moja, kilipendekezwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kukikokotoa ni rahisi. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha teremka ukihesabu nafasi. Nafasi ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba ya nafasi yenyewe ndiyo h. Mwenye makala zenye nukuu 50, 18, 7, 6, 5, 3 na 1 ana h ya 5. Mwenye 5,000, 4, 3, 2 na 1 ana h ya 3, ingawa huyu wa pili huenda ndiye aliyebadilisha tiba.

Kwa jinsi kilivyoundwa, kipimo hiki hakishuki mtu akiacha kazi. Kinaweza hata kuendelea kupanda baada ya kustaafu. Kinampendelea mkongwe, na kinampendelea aliye kwenye fani yenye watafiti wengi. Kumlinganisha mtafiti wa konokono wa kichocho na daktari bingwa wa moyo kwa h ni dhuluma. Kuna pia makala za majaribio makubwa zenye waandishi mamia, na kila mmoja huandikiwa nukuu zote kana kwamba aliandika peke yake. Ndiyo maana inafaa kuangalia nafasi ya jina: katika sayansi ya tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa, na wa mwisho ni kiongozi wa kundi.

"Ikitoka kwenye jarida lenye kipimo kikubwa cha athari, basi makala ni nzito."

Kipimo hicho ni wastani: nukuu za mwaka mmoja kwa yaliyochapishwa miaka miwili iliyotangulia, zikigawanywa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Wastani huvutwa na wachache. Acta Crystallographica A ilipanda kutoka takriban 2 hadi karibu 50 kwa mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick ya 2008. Makala nyingine za jarida hilo hazikubadilika hata chembe.

"Namba ya mtafiti ni moja tu."

Nukuu huhesabiwa na hifadhidata mbalimbali za mtandaoni. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu. Scopus na Web of Science huhesabu machapisho yaliyochujwa. Kwa hiyo mtu yuleyule huwa na h tatu. Kwetu kuna tatizo la ziada: mwenye majina matatu, akiandika mawili leo na matatu kesho, hugawanywa kuwa watu wawili na nukuu zake kutawanyika. Achague umbo moja la jina, ajisajili bila malipo ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba ya utambulisho, na aweke namba yake ya tarakimu 16 kila anapotuma makala. Kisha ajitafute Scopus kwa kila umbo la jina na kuomba wasifu uunganishwe, na kwenye Google Scholar aondoe makala za watu wanaofanana naye jina. Kwenye wasifu wa kazi, h iandikwe pamoja na chanzo chake na mwezi ilipotazamwa.