Ukisema "picha ndefu", mimi nasikia nini

Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kuhariri filamu, salamu haziishi kabla hajaniambia picha aliyoiona juzi. "Nzuri, ila katikati imeniboa." "Stelingi mwenyewe hajui kuigiza." "Mwisho sijauelewa, wametukatia tu." Halafu, karibu kila mara, anajihami: "Lakini mimi si mtaalamu, wewe ndiye unayejua."

Hapo ndipo ninapobisha. Kuhusu yaliyompata yeye ndani ya zile saa mbili, mtaalamu ni yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda cha mtazamaji mimi siwezi kukilalia tena. Kila shoti, yaani kila kipande kilichopigwa bila kukatwa, nimeshaiona mara mia na zaidi. Najua nani anakufa, najua ule mlango unaojifunga wenyewe ulikuwa ukivutwa kwa uzi na kijana aliyejikunyata sakafuni. Kushtuka siwezi, na nikichoka nachoka kwa sababu zangu. Kwa hiyo asiye na utaalamu wowote akiniambia hapa nimechoka, nachukua kalamu. Ninachokipokea kwa uzito ni hicho. Sentensi inayofuata, ile inayoanza na "wangefanya hivi" au "pale wangepakata", naiacha ipite. Maumivu yake namwamini. Dawa anayoniandikia, hapana.

Walter Murch, mhariri wa Marekani aliyewahi kutwaa Oscar ya uhariri na ya sauti kwa filamu moja, hulieleza jambo hili kwa mfano wa kiwiko. Mgonjwa anakwenda kwa daktari akilalamikia kiwiko, kumbe mshipa umebanwa begani. Ukiwauliza watazamaji wa majaribio, wale wanaoonyeshwa filamu kabla haijatoka, ni sehemu gani hawakuipenda, watakuonyesha kiwiko, na mhariri mwenye haraka atachukua kisu akikate.

Mimi nimewahi kukikata. Filamu ilihusu dada na kaka wanaogombania nyumba ya baba yao. Kulikuwa na sini (onyesho) moja ya mezani, dakika 6 na ushei: wanaanza na maneno ya kawaida, wanaishia kutupiana yale ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Tulipokusanya watu wa kwanza kuitazama, karibu wote walitaja sini hiyohiyo. Ndefu. Inachosha. "Wanazunguka tu." Nikaipunguza mpaka dakika 4. Kundi la pili likasema bado ndefu. Nikaifikisha dakika 3, sasa ikawa haieleweki hata kwa nini kaka anaondoka analia, na mzee mmoja bado akasema pale mezani pamemchosha. Sini imebaki nusu, uchovu uko palepale.

Kilichotuokoa ni swali ambalo sikulipanga. Nilimwomba mama mmoja anisimulie hadithi kama anavyomsimulia mtu ambaye hajaiona. Akasimulia vizuri tu, akafika mezani, akasema: "Basi yule dada mkorofi akaanza kumchokoza kaka yake bila sababu."

Bila sababu! Sababu ilikuwapo: dada alikuwa ameshajua kwamba kaka ameiuza nyumba kwa siri. Sisi tuliousoma mswada tulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Mtazamaji alitakiwa kulidaka kwenye jicho moja tu ambalo dada analitupia bahasha, shoti ya sekunde 2, robo saa kabla ya chakula. Hakuna aliyelidaka. Watu walikuwa wanaangalia ugomvi, wakati sisi tulidhani wanamwangalia mtu anayemsubiri nduguye akiri mwenyewe. Ugomvi wa watu ambao hujui chanzo chake unachosha hata ukiwa wa dakika moja.

Tukaenda kuzitafuta shoti tulizokuwa tumezitupa: dada anafungua bahasha, anasoma, anaikunja barua upya kwa kufuata mikunjo yake ya mwanzo, anairudisha ilipokuwa. Sekunde 25. Kisha nikairudisha sini ya mezani nzima, dakika zake zote 6. Katika kundi la tatu hakuna aliyeilalamikia. Kijana mmoja alisema pale ndipo alipoacha kuangalia simu yake.

Tangu hapo neno "ndefu" silisikii kama kipimo cha saa. Mwaka 1993 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa vipande vya filamu, vingine vya kupendeza na vingine vya kuchefua, kila kimoja kikiwa na toleo fupi na toleo refu. Watu walipotoa hukumu ya jumla baadaye, urefu ulikuwa na uzito mdogo mno. Kilichobeba hukumu ni hisia ilipopanda juu kabisa na hisia waliyoondoka nayo. Kwa maneno mengine, abiria hakumbuki kilomita. Anakumbuka lile tuta kubwa na pale aliposhushwa.

Ndiyo maana mwisho wa picha hubeba lawama na sifa kupita haki yake. Mtu anaweza kusinzia saa nzima, dakika 10 za mwisho zikamliza, akatoka akisema picha kali. Kinyume chake ndicho kinachoniuma zaidi: kazi safi ya saa moja na dakika 50, halafu mwisho mmoja wa ovyo, na yote inaitwa mbovu.

Sitaki kudanganya kwamba kiwiko huwa hakivunjiki kamwe. Filamu ya Marekani Fatal Attraction ya mwaka 1987 mwanzoni ilikuwa na mwisho ambamo mwanamke anajiua na kumwachia mwanamume kesi ya mauaji. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, mwisho ukapigwa upya licha ya Glenn Close, aliyeigiza nafasi hiyo, kuupinga, na picha ikauza kupindukia. Hapo walionyesha panapouma na ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu filamu ilikuwa imewajaza hasira dhidi ya huyo mwanamke shoti baada ya shoti na haikuwapa pa kuimwaga. Mimi binafsi naupenda zaidi ule mwisho wa kwanza. Lakini mimi nimeshasema, kitandani silali.

Sifa nazo hupotea njia vilevile. Mara nyingi nasikia "yule mwigizaji ni hatari, angalia alivyomwangalia mwanawe", na moyoni nacheka, maana najua siku ya kupiga shoti ile mwana hakuwepo. Mwigizaji alikuwa anaangalia stendi ya taa. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mmoja usio na hisia yoyote ya wazi, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti ndani ya jeneza, mara na mwanamke aliyejilaza. Inavyosimuliwa, watu waliusifu uigizaji: njaa waliiona, huzuni waliiona, tamaa waliiona. Uso haukubadilika hata kidogo. Simaanishi kwamba waigizaji hawana kazi. Nimehariri wazuri na nimehariri wengine ambao ilibidi nitumie migongo yao. Namaanisha tu kwamba ukisema "kaigiza vibaya", mimi kwanza naenda kuangalia shoti iliyotangulia ya kwake.

Kuna malalamiko mawili ambayo yakinifikia hata sifungui mradi, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye filamu. Uko sebuleni.

La kwanza: "Sisikii wanachosema, muziki ukija unanipasua masikio." Sauti ya filamu husawazishwa kwenye chumba kimya chenye spika kubwa, na kwa kawaida mazungumzo yana njia yake peke yake katikati, nyuma ya skrini, mbali na mvua, magari na fidla. Ukiileta kwenye televisheni nyembamba, vitu vyote hivyo vinaminywa vipite kwenye vispika viwili vidogo ambavyo mara nyingi vinaelekea chini au ukutani. Mnong'ono uliosikika vizuri kule unazama huku. Wapo waongozaji wanaopenda kuyafunika maneno kwa makusudi, hilo nalikubali na hao wasemwe tu. Lakini kabla hujamlaumu mtu, ingia kwenye menyu ya sauti, tafuta chaguo la kuinua mazungumzo au la usikivu wa usiku, ujaribu dakika 5.

La pili linachekesha zaidi: "Picha imetumia mamilioni lakini inaonekana kama tamthilia ya mchana." Kila kitu kinateleza mno, watu wanaonekana wamesimama studio. Filamu nyingi huonyesha picha tuli 24 kila sekunde. Kiwango hicho kilishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ilipoingia, kwa kuwa sauti haivumilii mwendo unaopanda na kushuka. Jicho letu limekizoea kiasi kwamba ule ukungu kidogo wa mkono unaopita haraka ndio tunaouita "sinema". Televisheni za siku hizi zina kipengele cha kulainisha mwendo: zinabuni picha zake zenyewe na kuzipachika katikati ya zile 24. Kwa mpira wa miguu ni raha. Kwa filamu ni balaa, na duka likikuuzia televisheni hicho kipengele mara nyingi huwa kimewashwa tayari. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima wakiwaomba watu wakizime. Mwongozaji na nyota wa kuruka kutoka kwenye ndege, wanasimama mbele ya kamera kueleza menyu ya televisheni! Nilicheka, halafu nikaenda kuizima ya shangazi yangu.

Kuhusu alama sina mengi. Mtu akiniambia "ina asilimia 95", namkumbusha kwamba asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni sehemu ya wahakiki walioandika vizuri kwa jumla, si wastani wa ubora. Picha ambayo kila mmoja ameiona ni "sawa tu" inaweza kupata 100, na picha ambayo nusu ya watu wanaiabudu na nusu wanaichukia ikabaki na 50. Mimi ya pili ndiyo ningekwenda kuiona.

Kinachonifundisha zaidi kuliko alama ni makosa ambayo watu wanayaona. Wapo wanaojivunia macho yao: "Glasi ilikuwa imejaa, mara iko nusu, mara imejaa tena!" Wanadhani wametukamata. Kusema kweli mara nyingi tunalijua kosa hilo na tumelichagua. Murch huyohuyo, akipanga mambo ya kuzingatia kabla ya kukata, anaipa hisia asilimia 51, hadithi 23, na uhalisia wa nani yuko wapi chumbani unakuja mwisho kabisa na 4. Nikiwa na shoti mbili, moja glasi iko sawasawa na uso umekufa, nyingine glasi imekosea na uso unatetemeka, nachukua uso. Anayeufuata uso haoni glasi. Kwa hiyo ukiniambia umeiona glasi, sihangaiki na glasi. Najiuliza ni nini kilikufanya uache kumwangalia mtu.

Rafiki zangu wameshazoea. Wakiniambia habari za picha, siwaulizi kama ni nzuri. Nawauliza waliinuka kwenda chooni wakati gani, na kama waliisimamisha kwanza au waliiacha ikiendelea. Aliyeiacha ikiendelea ameshanijibu. Katika maonyesho ya majaribio vilevile nakaa mbele pembeni, nimeipa skrini mgongo nusu, naangalia watu. Kikohozi cha mmoja ni kikohozi. Cha watu wanne ndani ya nusu dakika ni shoti inayozidi. Mwanga wa simu ukiwaka kwenye kidevu cha mtu, naandika saa. Baadaye mtu huyohuyo atajaza fomu kwamba alifurahia mwanzo mpaka mwisho, na hasemi uongo. Kakisahau kile kidevu.

Ile filamu ya dada na kaka mama yangu aliiona miezi kadhaa baada ya kutoka. Alinipigia simu usiku. Sikutarajia mengi, maana kwa mama kila nilichokigusa ni kizuri.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Ila yule dada pale mezani, chai yake hajainywa. Imekaa mpaka imepoa."

Nikanyamaza. Kikombe kile kinaonekana pembeni mwa shoti moja tu, na nilikaa nacho wiki mbili nikikitoa na kukirudisha, kwa sababu sikuwa na hakika kama ni kosa la glasi au ni huzuni.

"Ulianza kukiangalia lini, mama? Kabla kaka hajasimama au baada?"

"Mimi nilikuwa namwangalia yeye," akasema. "Nilikuwa nasubiri anywe."