Simu imezima ikiwa na 18%: hiyo namba si kipimo

Simu inazima ikiwa na 18%, ukiichomeka kwenye chaja inawaka na kuonyesha 3%. Hapo lawama huangukia virusi, au fundi aliyeifungua mara ya mwisho. Mara nyingi wote wanasingiziwa.

Wengi tunaamini asilimia ile ya juu ya skrini ni chaji iliyopimwa. Siyo, ni makadirio. Simu hupima volti ya betri na umeme unaoingia na kutoka, kisha inapiga hesabu kwa kulinganisha na ujazo inaodhani betri bado inao. Volti ya betri ya lithiamu nayo ni kigeugeu: ikijaa huwa takriban 4.2, hukaa karibu na 3.7 kwa muda mrefu, halafu huporomoka mwishoni. Betri ikichakaa, ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kupita, hupanda. Washa kamera na flashi, umeme mwingi unavutwa kwa mpigo, volti inadondoka, simu inajizima.

Na ule ushauri wa kuimaliza chaji kabisa kila mara? Ni urithi wa betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu, kuijaza na kuimaliza mara mojamoja huweza kunyoosha hesabu ya asilimia, lakini hakuponyi betri. Ukifanya mazoea unaichosha tu.

Ukitaka kujua kinachokula chaji, ingia Mipangilio, kisha Betri, utazame matumizi ya kila programu. Kama simu inazimazima hata baada ya kupunguza programu hizo, badilisha betri.